Sura ya Sita: Jani Lililo Nyuma ya Kopo

Tumbaku ya kiko hukatwa kwa upana kuliko ya sigara na huachwa na unyevu mwingi zaidi, ili iungue polepole ndani ya bakuli dogo la mti bila kumchoma mvutaji ulimi. Sehemu kubwa ya tumbaku hiyo hutoka katika viwanda vikubwa, lakini iko sehemu ndogo inayotengenezwa na karakana zenye wafanyakazi wachache, kwa mashine za zamani na kwa majani yanayoteuliwa kwa kushikwa na kunuswa, kisha hufungwa katika makopo, mengi yake ya gramu 50, na kusafirishwa ng'ambo. Hiyo ndiyo inayoitwa katika sura hii tumbaku ya mafundi. Watengenezaji wake wanaosifiwa zaidi wako Uingereza, Denmark, Ujerumani na katika kisiwa cha Jersey, na soko lake linalosikika kwa sauti kubwa kuliko yote ni Marekani, ambako malalamiko ya wanunuzi yamekuwa yale yale mawili kwa muda mrefu: kwamba tumbaku haipatikani kwa miezi mingi, na kwamba ikipatikana haifanani na ile iliyotangulia. Malalamiko hayo huchukuliwa kuwa matatizo mawili yaliyotengana, la kwanza likatupiwa msambazaji na la pili mtengenezaji. Sura hii inashikilia kwamba mzizi wake ni mmoja, nao uko shambani na katika bani, yaani kibanda cha kukaushia, ambako idadi ya watu wanaoweza kutoa jani la aina fulani imepungua hadi kufikia kiwango cha hatari, wakati jina lililochapwa juu ya kopo linaendelea kumwahidi mnunuzi kwamba hakuna kilichobadilika.

Ili hoja hiyo ieleweke ni lazima kuanza na ukaushaji, kwa kuwa tabia ya jani huamuliwa humo zaidi kuliko katika mbegu. Wakulima wa Tabora na Urambo nchini Tanzania wanaifahamu tumbaku ya mvuke, ambayo hukaushwa kwa joto linalopitishwa katika mabomba ili moshi usiliguse jani. Sukari yake hubaki, rangi huwa ya manjano, na ladha huwa tamu. Wakulima wa Songea na Namtumbo wanaifahamu tumbaku ya moshi, ambayo moto huwashwa chini yake moja kwa moja hadi jani likawa jeusi, zito na lenye nikotini nyingi. Ya tatu ni tumbaku ya hewa, inayoning'inizwa kivulini mpaka ikauke yenyewe na kupoteza karibu sukari yake yote. Mchanganyaji wa tumbaku ya kiko hutumia zote tatu, akaongeza majani madogo ya mashariki ya Mediterania yanayoanikwa juani, na katika michanganyiko inayopendwa zaidi hutia kiasi kidogo cha majani mawili yasiyo na mbadala, ambayo ni latakia na perike.

Latakia imepewa jina la bandari ya Syria iliyokuwa ikiisafirisha. Ni jani la mashariki ambalo, baada ya kuanikwa, hutundikwa ndani ya vibanda na kufukizwa kwa moshi wa mwaloni, msonobari na vichaka vyenye harufu kwa muda mrefu, hadi likawa jeusi na kunuka moshi, ngozi na ubani. Kuni zinazohitajika ni nyingi mno. Misitu ya vilima vya kaskazini magharibi mwa Syria haikuweza kuvumilia ukataji huo bila kikomo, na vizuizi vilivyowekwa kwa ajili ya kuilinda vilibana uzalishaji muda mrefu kabla ya vita vilivyoanza mwaka 2011 kuvuruga kilichosalia. Kwa hiyo jani la Syria lilitoweka katika biashara hatua kwa hatua, na wachanganyaji waliokuwa na akiba maghalani waliendelea kuitumia hadi ikaisha. Nafasi yake ilishikwa na latakia ya Kupro, inayotokana na jani la aina ya Smirna na kufukizwa kwa kuni za mimea mingine, ambayo ni tamu na laini zaidi, na haina ule ukali unaokaribia kuwa kama wa divai ambao wavutaji wa zamani walihusisha na Syria. Mchanganyiko ulioandikwa kwa ajili ya jani moja ukitengenezwa kwa jingine huwa ni kitu kipya, hata kama mizani ya mchanganyaji haikubadilishwa kwa gramu moja. Hili ndilo jambo ambalo kopo halisemi: neno latakia hubaki pale pale katika maelezo, na mnunuzi asiyejua historia hiyo hudhani kwamba ulimi wake ndio uliochoka.

Perike inaonyesha ufinyu huo kwa ukali zaidi. Hulimwa katika parokia ya Saint James, jimbo la Louisiana, katika eneo dogo la udongo mzito karibu na mto Mississippi, na jina la Pierre Chenet, mkulima anayesemekana kuianzisha kama zao la biashara mwaka 1824, bado linatajwa pamoja na maelezo kwamba ujuzi wenyewe ulitoka kwa Wachoctaw walioishi eneo hilo kabla yake. Jani hukaushwa kidogo, huloweshwa, huondolewa uti wa kati, husokotwa katika mafungu, kisha hushindiliwa ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi wiski na kukandamizwa kwa jeki ya parafujo mpaka utomvu wake ulifunike. Linachachuka humo bila hewa kwa takriban mwaka mzima, na katika kipindi hicho pipa hufunguliwa mara kadhaa, majani yakageuzwa na kupata hewa kabla ya kushindiliwa upya. Hakuna mashine inayofupisha muda huo. Kazi ni ngumu, malipo yalikuwa duni, na kuelekea mwisho wa karne ya 20 wakulima waliosalia walikuwa wachache kiasi kwamba familia ya Percy Martin wa Grande Pointe ilitajwa kama nguzo ya mwisho ya zao zima. Kilichoiokoa perike hakikuwa kiko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya sigara ya Santa Fe Natural Tobacco ilianza kuinunua kwa ajili ya sigara zake za American Spirit, na mahitaji hayo yakawarudisha shambani wakulima waliokuwa wameacha. Hata hivyo kiasi kinachotoka Saint James ni kidogo, ndiyo maana sehemu ya kile kinachouzwa kwa wachanganyaji huwa imeongezewa jani lililolimwa Kentucky na kuchachushwa kwa njia ile ile. Jani hilo si baya, na wapo wanaolipenda. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kama kilichomo ni perike ya Saint James yenyewe au perike iliyonyooshwa.

Inaweza kudhaniwa kwamba tumbaku ya mvuke, inayolimwa katika mabara matano kwa mamilioni ya kilo, iko salama na mkasa wa namna hiyo. Sivyo. Tumbaku ya kiko inahitaji daraja mahsusi la jani hilo, lililoiva kabisa juu ya shina hadi likawa la rangi ya chungwa au nyekundu, lenye mafuta na sukari nyingi, na ambalo huhitaji kulazwa ghalani kwa miaka kadhaa kabla ya kutumika. Nchini Marekani majani hayo yalikuwa yakinunuliwa kwenye mnada, ambapo mnunuzi mdogo aliweza kupita kati ya marobota, akashika, akanusa, na kutoa bei kwa mafungu machache aliyoyataka. Mpango wa serikali ya nchi hiyo wa mgao wa uzalishaji na bei ya kuhimili ulifutwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mnada, uliokuwa umeanza kufifia, ukaachia nafasi kilimo cha mkataba, ambapo kampuni kubwa humwambia mkulima aina, kiasi na daraja kabla hajapanda. Kampuni za sigara zinahitaji jani la wastani linalofanana mwaka hadi mwaka. Mkulima anayesubiri jani liive mpaka mwisho hujiweka katika hatari ya mvua ya mawe na kimbunga kwa ajili ya daraja ambalo mnunuzi wake hakuliagiza. McClelland, kampuni ya Kansas City iliyoanzishwa mwaka 1977 na kujulikana kwa tumbaku nyekundu ya mvuke, ilipofunga shughuli zake mwaka 2018 ilieleza kwamba majani ya ubora iliouhitaji hayapatikani tena kwa kiasi cha kutosha. Kauli hiyo inastahili kupewa uzito kuliko ilivyopewa, kwa kuwa kampuni yenye wateja waaminifu na akiba inayouzwa yote haifungi milango kwa kukosa soko. Ilifungwa na jani.

Kutoka shambani ufinyu huo unaingia karakanani, na mfano bora zaidi ni mji wa Kendal, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Thomas Harrison alirudi huko kutoka Glasgow mwaka 1792 akiwa na ujuzi wa kutengeneza ugoro pamoja na mashine za kusagia zilizokuwa zimekwisha kutumika, na kutokana na biashara hiyo, kupitia ndoa na mgawanyiko wa ukoo, zikatokea kampuni mbili za mji mmoja, Samuel Gawith na Gawith Hoggarth, zilizoungana tena mwaka 2015. Kazi zao zinahusisha kukandamiza majani kwa mvuke hadi yawe tofali linalokatwa vipande vyembamba, na kusokota majani ya moshi kuwa kamba nene kwa mashine inayolishwa kwa mikono. Baadhi ya tumbaku zao hutiwa manukato ya maua na ya harage la tonka yanayoshika vyombo kwa nguvu, na mnunuzi wa aina isiyo na manukato huweza kuyanusa kwa mbali ndani ya kopo lake. Jersey kuna J.F. Germain & Son, nyumba ya mwaka 1820, inayotengeneza mfululizo wa Esoterica kwa ajili ya soko la Marekani, zikiwemo Penzance na Stonehaven, ambazo shehena zake chache huisha madukani ndani ya saa au dakika. Kila mwaka huulizwa kwa nini nyumba hizo hazipanui uzalishaji wakati mahitaji yanaonekana wazi. Jibu ni kwamba upanuzi ungehitaji mafundi ambao hufunzwa kwa miaka, mashine ambazo hakuna anayezitengeneza tena, na zaidi ya yote majani ambayo yalipaswa kununuliwa na kulazwa miaka kadhaa kabla ya mahitaji hayo kujulikana.

Unyevu ni chanzo cha malalamiko mengine mengi ya ubora. Tumbaku za Kendal hufungwa zikiwa na maji mengi kuliko za Marekani, kwa sababu jani lililokandamizwa kwa mvuke hukatika vizuri likiwa mbichi na kwa sababu mvutaji wa Uingereza alizoea kuikausha mwenyewe kabla ya kuijaza katika kiko. Mnunuzi wa mbali huona amelipia maji kwa bei ya tumbaku. Lakini tatizo kubwa huja pale kopo linapopoteza uzibaji wake, jambo linalotokea mara nyingi kwa makopo ya pembe nne, ambayo kingo zake hupinda yanapogongwa njiani. Hewa ikiingia juu ya tumbaku yenye unyevu mwingi isiyo na dawa ya kuhifadhi, ukungu huota. Viwanda vikubwa hujikinga kwa propileni glaikoli, kimiminika kinachoshika unyevu na kuzuia ukungu, ambacho mafundi wengi hukiepuka au hukipunguza kwa kuwa hubadilisha namna jani linavyoungua. Kwa hiyo kile kinachosifiwa kama usafi wa jani ndicho kinacholifanya kopo liwe dhaifu safarini. Ni muhimu pia kutofautisha ukungu na chembechembe nyeupe zinazong'aa ambazo hujitokeza juu ya tumbaku ya mvuke iliyokaa miaka mingi: chembechembe hizo ni ngumu, hazina nyuzi wala harufu, na ni dalili ya kukomaa, ilhali ukungu huwa na manyoya na harufu ya chumba kilichofungwa, na tumbaku yenye ukungu haifai kutumika hata ikikaushwa. Maghala ya joto yana adui mwingine, dumuzi mdogo wa kahawia anayeitwa kitaalamu Lasioderma serricorne, ambaye mayai yake huweza kusafiri ndani ya robota kutoka nchi ya kilimo na kuanguliwa baharini.

Ubora unaozungumzwa hapa ni wa ladha, uunguaji na uhifadhi, na haupaswi kuchanganywa na usalama. Moshi wa kiko husababisha saratani ya kinywa, koo na mapafu, nao haupungui madhara kwa kutoka katika jani adimu au kopo ghali. Mtu mwenye haki ya kujua alichouziwa ana haki hiyo kwanza kabisa kuhusu madhara, na kilio cha kutaka kujua asili ya jani kinaongezeka juu ya haki hiyo ya kwanza bila kuchukua nafasi yake.

Majina yamesafiri kwa njia zake yenyewe. Balkan Sobranie ilikuwa nyumba ya London iliyojihesabia mwanzo wake mwaka 1879, na kopo lake jeupe lilitaja jani la Yenidje, kutoka eneo la Xanthi ambalo leo liko Ugiriki. Jina hilo lilipita mikononi mwa kampuni nyingine, likatoweka madukani, likarudi Marekani mwaka 2011 likiwa juu ya tumbaku iliyotengenezwa na Germain wa Jersey: tumbaku nzuri kwa maoni ya wengi, lakini iliyotokana na majani ya wakati mwingine na mikono mingine. Michanganyiko ya Dunhill ilipitia njia iliyo kinyume. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku katika mtaa wa Duke, London, mwaka 1907. Utengenezaji wa michanganyiko yake ulihamia Belfast katika kiwanda cha Murray mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Denmark baada ya kiwanda hicho kufungwa, na British American Tobacco, iliyokuwa ikimiliki jina, ilipoiondoa sokoni, michanganyiko ile ile ilirudi mwaka 2019 chini ya jina la Peterson, ikitengenezwa na Scandinavian Tobacco Group. Katika kisa cha kwanza jina lilibaki na tumbaku ikabadilika. Katika cha pili jina liliondoka na tumbaku ikabaki karibu na ilivyokuwa. Wanunuzi wengi walilia zaidi juu ya cha pili. Na mikono inayotengeneza inazidi kuwa michache: mwaka 2024 Scandinavian Tobacco Group ilimnunua pia mshindani wake wa karibu zaidi nchini Denmark, Mac Baren wa Svendborg, nyumba iliyoanzia mwaka 1826.

Sheria imeongeza uzito wake juu ya ufinyu huo, wakati mwingine kwa makusudi ya haki na matokeo yasiyokusudiwa. Mwaka 2009 Marekani ilipandisha ushuru wa tumbaku ya kusokota sigara hadi dola 24.78 kwa ratili moja, ilhali ule wa tumbaku ya kiko ukawekwa dola 2.83. Haikuchukua muda kabla ya magunia ya tumbaku ya sigara kuanza kuuzwa yakiwa na lebo ya kiko, na tangu hapo takwimu za tumbaku ya kiko nchini humo zimekuwa zikionyesha wingi ambao haupo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachohesabiwa haijawahi kukaribia kiko. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ilipanua usimamizi wake hadi tumbaku ya kiko, na ikawa mchanganyiko wowote ambao haukuwa sokoni tarehe 15 Februari 2007 unahitaji idhini inayoombwa kwa nyaraka nyingi na gharama kubwa. Kwa kampuni yenye bidhaa tatu zinazouzwa kwa tani gharama hiyo hubebeka. Kwa karakana yenye michanganyiko mingi inayotoka kwa kilo chache, kila mchanganyiko hugeuka kuwa mzigo. Kudhibiti bidhaa inayoua ni wajibu wa serikali yoyote, na sura hii haipingi wajibu huo. Kinachosikitisha ni kwamba kanuni iliyowekwa kwa ajili ya kumlinda mvutaji haimlazimu muuzaji aseme jani limetoka shamba gani wala limevunwa mwaka gani.

Wanunuzi nao wamejibu uhaba kwa kuuzidisha. Kwa kuwa tumbaku iliyozibwa vizuri huendelea kukomaa kwa miaka, mtu aliyewahi kukosa hununua makopo ishirini badala ya mawili, akayaweka kabatini, na wengine hununua kwa ajili ya kuuza tena kwa bei maradufu. Mtengenezaji huona shehena imeisha siku moja na hawezi kujua ni kiasi gani kinavutwa na ni kiasi gani kinalazwa. Akipanua kwa kufuata foleni ya madukani, akiba hizo zitafunguliwa siku ambayo uhaba utaonekana kupungua, na majani aliyoyanunua kwa mkopo yatamkalia. Kwa hiyo anasita, na kusita kwake kunaongeza woga wa wanunuzi.

Katika mnyororo huu wote, anayejua zaidi kuhusu jani ndiye anayetajwa kidogo kuliko wote. Majani ya moshi yanayotiwa katika kamba nyeusi za Kendal hutoka kwa sehemu Malawi, kwa wakulima wanaofanya kazi ile ile inayofanywa ng'ambo ya mpaka katika mkoa wa Ruvuma: kuchoma majaruba ya miche, kupunguza vichwa na machipukizi, kukesha na moto katika bani, kisha kusimama mbele ya mteuzi ambaye kwa kauli moja huamua daraja na bei ya kazi ya mwaka mzima. Robota linapotoka katika soko la chama cha msingi huwa na lebo inayoonyesha chama, daraja, uzito na msimu. Habari ambayo mnunuzi wa Chicago au London angehitaji ili aelewe kwa nini kopo la mwaka huu halifanani na la miaka mitano iliyopita imekwisha kuandikwa, kwa kalamu, na karani wa kijijini. Hupotea pale marobota yanapofunguliwa katika kiwanda cha kusindika na majani ya misimu na vijiji mbalimbali kuunganishwa kuwa daraja moja la kusafirisha. Kuihifadhi kunawezekana kwa kiasi kidogo kama kinachohitajika na mafundi. McClelland yenyewe, kabla ya kufunga, ilikuwa ikitoa kila mwaka tumbaku ya Krismasi iliyochapwa mwaka juu ya kopo, na wavutaji wake walizungumza kuhusu tofauti ya mwaka mmoja na mwingine kwa hamu, bila kudai kwamba yote ifanane.